Tairi moja linachemka, breki zinashika: nibadilishe kalipa?

Swali: Fundi, shikamoo. Gari langu ni dogo, lina diski mbele na dramu nyuma. Likitoka asubuhi ni jepesi kabisa. Nikishaendesha kama nusu saa linaanza kuwa zito, linavuta kushoto, na tairi la mbele kushoto linatoa harufu ya kuungua. Nikilipumzisha saa moja linarudi kama kawaida. Pedi zimebadilishwa mara mbili na diski imechongwa. Sasa naambiwa ninunue kalipa. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, usinunue bado. Huenda kweli ni mbovu, lakini katika maelezo yako sioni mahali ambapo kuna mtu aliyeipima. Pedi zimebadilishwa, diski imechongwa, tatizo liko palepale, na si ajabu, kwa sababu pedi na diski ndizo zinazoumia tu. Pedi haijibani yenyewe. Kuna kitu kinaisukuma, au kuna kitu kinaizuia isirudi. Kabla hujatoa pesa nyingine unatakiwa ujue jambo moja: kinachoshika breki yako ni mafuta au ni chuma?

Niruhusu nieleze kidogo breki inavyoachia, maana wengi tunajua inavyoshika tu. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi inabana diski. Ukiachia mguu, watu hudhani ndani ya kalipa kuna springi kubwa inayoirudisha pistoni. Haipo. Kinachoirudisha ni sili ya raba iliyoizunguka pistoni. Pistoni ikitoka, raba ile inajipinda kidogo. Presha ikiisha inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Basi, hakuna zaidi. Ndiyo maana hata breki nzima, ukiinua gari na kuzungusha tairi kwa mkono, utasikia pedi zikipapasa diski kwa mbali. Huo si ugonjwa.

Sasa angalia nguvu zinazopambana hapo. Kwenda kuna mguu wako ukisaidiwa na busta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu. Kurudi kuna kipande cha raba. Kizuizi kidogo ambacho mguu hautakihisi hata siku moja kinatosha kabisa kuishinda raba hiyo. Kwa hiyo ukiniambia "lakini breki zinashika vizuri nikikanyaga", hujaniambia lolote kuhusu zinavyoachia.

Joto nalo linamwaga petroli kwenye moto. Pedi ikisugua diski muda wote, joto linapita kwenye pistoni na kuingia kwenye mafuta. Mafuta yanatanuka. Kama njia ya kurudi kwenye chupa ya mafuta imeziba, hayana pa kwenda ila kuisukuma pistoni zaidi, na pedi inabana zaidi, na joto linapanda zaidi. Ukipumzika saa moja yanasinyaa, gari linakuwa jepesi, na ukilipeleka gereji kesho yake fundi anazungusha tairi kwa kidole kimoja na kukuangalia kama wewe ndiye mwenye kasoro.

Kwa hiyo ugonjwa huu lazima ushikwe ukiwa umepanda. Gari likiwa la baridi tutabahatisha tu, na umeshabahatisha mara tatu.

Weka kwenye buti jeki, stendi mbili, vitu vya kuzuia matairi ya nyuma, spana ya pete inayoenea nipeli, yaani skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa (mara nyingi namba 8, 10 au 11), kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa tupu, glavu na miwani. Endesha mpaka gari lianze uzito wake. Ukifika mahali tambarare na salama, liache lipunguze mwendo lenyewe. Usimalizie kwa breki kali, maana utayapasha moto matairi yote na kuharibu ushahidi. Usiguse rimu. Chovya vidole kwenye maji, udondoshe matone mawili matatu kwenye rimu ya kushoto karibu na katikati, kisha ufanye hivyo upande wa kulia. Kushoto yakichemka na kukauka papo hapo, na kulia yakitiririka tu, umeshampata mgonjwa. Linganisha kushoto na kulia, usilinganishe mbele na nyuma, kwa sababu breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi na ni kawaida yake kuwa na joto zaidi. Nimesema matone. Usije ukamwagia diski ya moto kikombe cha maji. Inaweza kupinda au kupasuka, na utakuwa umejiongezea gharama.

Hapo hapo sikiliza pia kama kuna mlio wa kunguruma unaobadilika na mwendo. Beringi ya tairi iliyokufa nayo hupasha moto katikati ya tairi na huwadanganya wengi. Lakini beringi haipoi ikapona baada ya saa moja, kwa hiyo kwako siipi nafasi kubwa.

Zima injini, weka gia huru, vuta hendibreki, zuia matairi ya nyuma, legeza nati za tairi likiwa bado chini, kisha inua na kuweka stendi. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu anayevutavuta tairi. Jaribu kulizungusha. Likiwa gumu, toa tairi haraka kabla breki haijapoa.

Sasa njoo kwenye nipeli. Toa kifuniko chake cha raba, ingiza spana ya pete, chomeka mpira mwembamba na uuelekeze kwenye chupa, halafu fungua taratibu kama robo mzunguko. Mafuta yatakuwa ya moto, kwa hiyo miwani si urembo. Yakidondokea rangi ya gari, osha kwa maji mara moja, la sivyo rangi itavimba na kubanduka. Funga nipeli, uzungushe habu, kile kitovu ambacho tairi hufungwa, kwa mkono.

Yatatokea mawili. Ama mafuta yaliruka kwa nguvu na habu sasa inazunguka kwa wepesi, ama yametiririka kidogo na habu bado imeshikwa vilevile.

Tuanze na la kwanza, kwa sababu ndilo ninaloliwekea dau kwenye gari lako. Kama kufungua nipeli kumeiachia breki, kalipa yako haina hatia. Pistoni ilikuwa tayari kurudi, ila mafuta yaliyokuwa nyuma yake yalifungiwa njia. Tafuta yamefungiwa wapi. Kanyaga pedali mara kadhaa, achia, na uhakikishe tairi limeshika tena. Safari hii usiguse nipeli. Nenda juu, pale bomba la chuma linapokutana na hozi ya mpira, ulegeze kiungo hicho kidogo kwa spana ya mabomba. Breki ikiachia hapo, tatizo liko juu zaidi, kuelekea masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedali. Isipoachia, lakini ukishuka kwenye nipeli inaachia, basi kati ya sehemu hizo mbili kimebaki kitu kimoja tu: hozi.

Nakiri kosa langu hapa, maana ndilo lililonifundisha. Gari la namna yako lilinijia, nikabadilisha kalipa. Likarudi baada ya siku mbili. Nikailaumu kalipa niliyofunga, nikaweka nyingine. Likarudi. Mara ya tatu ndipo nilipofungua nipeli gari likiwa la moto, tairi likaachia mbele ya macho yangu. Hozi kwa nje ilikuwa safi, haina ufa, haina uvimbe, hata maandishi yalisomeka. Nikaitoa na kuipasua kwa wembe toka mwisho hadi mwisho. Ndani, utando wa raba ulikuwa umebanduka upande mmoja na kuacha kijiulimi kilicholala kuelekea kwenye kalipa. Mafuta yakienda kwa nguvu ya mguu yanakilaza na kupita. Yakitaka kurudi kwa nguvu ile ndogo ya sili, kijiulimi kinasimama na kuziba. Ilikuwa valvu kamili ambayo hakuna kiwanda kilichokusudia kuitengeneza.

Kuna dalili moja ya hozi ambayo unaweza kuichunguza ukiwa unaendesha. Hozi iliyoziba huchelewesha mafuta kwenda pia, siyo kurudi tu. Kwa hiyo ukikanyaga ghafla, kwa nukta moja gari linaweza kuvuta kulia, kwa sababu kulia kumepata presha kwanza. Ukishaachia pedali linavuta kushoto, kwa sababu kushoto hakujaachia. Gari linalovuta pande mbili tofauti namna hiyo, mimi huanza kuangalia hozi kabla ya kuangalia kitu kingine. Angalia pia kibano cha chuma kinachoishikilia hozi kwenye bodi. Kutu ikijaa ndani ya kibano inaibana hozi mpaka tundu lake linakuwa jembamba kama sindano.

Hozi nyingi huuawa na sisi mafundi wenyewe. Kalipa inafunguliwa, inaachwa ining'inie kwa hozi kama ndoo kwenye kamba wakati pedi zinabadilishwa. Zako zimebadilishwa mara mbili, sitashangaa. Wengine huiminya hozi kwa koleo ili mafuta yasimwagike. Kalipa ifungwe kwa waya kwenye springi ya gari, na koleo likae mbali na hozi. Ukibadilisha, badilisha ya kushoto na ya kulia pamoja, maana zina umri mmoja.

Sasa la pili: umefungua nipeli na breki bado imeshika. Hapo ni chuma, na kabla hujaituhumu pistoni anza na vitu viwili vya bei ndogo. Kwenye magari mengi madogo kalipa ina pistoni upande mmoja tu, na ili ibane pande zote mbili inabidi kalipa nzima itelezeshwe juu ya pini mbili. Pini zikikauka grisi au zikiota kutu, pistoni inarudi vizuri lakini mwili wa kalipa unabaki ulipo, na pedi ya nje inaendelea kusugua. Toa kalipa, shika kila pini kwa vidole, uisukume na kuivuta. Inatakiwa iende bila kulazimishwa. Isipokwenda, itoe, isafishe mpaka chuma king'ae, safisha na tundu lake, angalia kiraba cha vumbi kama kimepasuka, kisha paka grisi nyembamba ya breki, ile ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba na kuikwamisha pini upya baada ya miezi michache. Usiijaze tundu zima. Ukisukuma pini na inarudi yenyewe kama ina springi, umeweka nyingi au umefungia hewa ndani. Na kama pini moja ina kiraba kwenye ncha na nyingine haina, kumbuka ipi ilikuwa juu na ipi chini. Zikibadilishana nafasi unaweza kurudi palepale ulipoanza.

Cha pili ni pale masikio ya pedi yanapokaa kwenye mabano. Kutu huota chini ya vile vibati vyembamba, inavinyanyua, na nafasi ya pedi inakuwa ndogo. Fundi mwenye haraka anaigonga pedi mpya kwa nyundo mpaka iingie. Imeingia, ndiyo, lakini haitatoka. Toa vibati, piga brashi ya waya na tupa (ile ya kusugulia chuma) taratibu mpaka ufikie chuma chenyewe, rudisha vibati vipya. Pedi inatakiwa iteleze kwa nguvu ya kidole. Zile pedi zako za zamani, kama hazijatupwa, ziangalie: iliyolika kama kabari, upande mmoja nene na mwingine nyembamba, inakuonyesha pini moja au mabano. Ya ndani ikilika sana kuliko ya nje, mshuku pistoni isiyorudi.

Pini ziko sawa, pedi zinateleza, basi ndiyo pistoni. Fungua nipeli kidogo, weka pedi kuukuu mbele ya pistoni, uirudishe kwa klempu. Nzima inarudi taratibu bila ugomvi. Inayokataa, au inayokwenda kwa kurukaruka, ina kutu. Chunguza kiraba cha vumbi: kikishachanika, maji na vumbi huingia, na uso wa pistoni unapata vishimo. Pistoni yenye vishimo haiponi kwa msasa. Nunua pistoni na sili zake, au hapo sasa ndipo ununue kalipa, kwa sababu umeipima. Ukihitaji kuitoa pistoni yote, itoe kwa kukanyaga pedali pole pole kalipa ikiwa bado imeunganishwa. Wanaotumia upepo wa kompresa huirusha kama risasi, na nimeona kucha iliyopotea kwa sababu hiyo.

Kwako nyuma ni dramu, lakini kwa mwenye diski nyuma: pistoni nyingi za nyuma zenye hendibreki ndani yake hurudi kwa kuzungushwa, siyo kwa kusukumwa. Ukitumia klempu kwa nguvu utavunja ya ndani. Gari lenye hendibreki ya umeme lazima kwanza liwekwe kwenye hali ya matengenezo.

Kama tatizo lingekuwa nyuma pande zote mbili, ningeangalia kebo ya hendibreki kwanza. Kebo iliyokwama au iliyokazwa kupita kiasi ndiyo mshukiwa wa kila siku. Gari lililolala siku nyingi kwenye unyevu hendibreki ikiwa juu linaweza kunata kwa kutu kidogo kati ya viatu vya breki na dramu. Ukilisogeza mbele na nyuma linaachia kwa mlio mmoja, na hiyo si hitilafu.

Yakishika matairi yote manne, au mawili ya mkingamo, yaani mbele kushoto na nyuma kulia, achana na matairi uende kwenye masta silinda. Ndani yake kuna kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye chupa ukiachia pedali. Pistoni ya masta isiporudi mwisho kabisa, kitundu kinabaki kimefunikwa na presha inafungiwa. Pima: tairi zikiwa zimeshika, legeza nati zinazoifunga masta kwenye busta na uisogeze masta mbele milimita chache. Zikiachia, kuna kinachoisukuma masta muda wote: pedali haina nafasi ya kupumua, swichi ya taa za breki imekazwa mno, au fimbo ya busta ni ndefu. Zisipoachia kwa kuisogeza, lakini zinaachia ukilegeza mabomba yanayotoka kwenye masta, masta yenyewe imekufa.

Na kuna balaa moja linaloifanya masta ife pamoja na kila kitu: mtu kuongeza mafuta ya injini au ya usukani kwenye chupa ya breki. Sili za breki hazivumilii mafuta hayo, zinavimba. Fungua chupa uangalie raba ya mfuniko. Ikiwa imevimba na kujikunja haikai mahali pake, usitengeneze kipande kimoja kimoja. Mabomba yasafishwe na raba zote za mfumo zibadilishwe, pamoja na hozi.

Turudi kwako. Tairi moja, linashika likipata joto, linaachia likipoa: dau langu la kwanza ni hozi, la pili pini, la tatu pistoni. Nipeli ndiyo itakayoamua, siyo mimi.

Ukishapata chanzo, usirudishe zile pedi zilizoungua kama uso wake unang'aa kama kioo au umepasuka, na angalia diski kama ina mabaka ya bluu. Mafuta nayo yametiwa joto vya kutosha. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya hutakiwa kustahimili angalau 230 °C kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya unyevu wa hewani kiwango chake hushuka hadi 155 °C hivi. Yakichemka hutengeneza mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inazama hadi sakafuni. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, kuliko harufu. Badilisha mafuta yote, tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chupa, na usichanganye DOT 5 ya silikoni na nyingine. Toa upepo mpaka mafuta yatoke bila povu. Kabla ya kuliondoa gari, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, kwa sababu baada ya kurudisha pistoni nyuma mguu wa kwanza huzama wote, na kuna watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hilo.

Mpaka utakapofanya haya, usisafiri nalo. Likikukamata njiani, tumia gia kupunguza mwendo, simama, liache lipoe lenyewe. Ukiwa na spana, kuifungua nipeli na kuifunga kutakuachia tairi kwa muda, lakini mguu utakaofuata kwenye pedali utalifunga tena, kwa hiyo ni msaada wa kusogea pembeni tu.

Ukimaliza kazi, rudia njia ileile na nusu saa ileile, uachie gari lisimame lenyewe, udondoshe matone pande zote mbili. Yakikauka kwa kasi moja, umemaliza. Kushoto yakitangulia bado, niandikie uniambie nipeli ilisema nini.